Maharage Yenye Mikia

Jafeti alikuwa amekaa mikoa tisa kabla ya kufika Rukwa, na katika yote tisa hakuna hata mmoja uliomwita kwa heshima. Chunya, kwenye dhahabu, alikuwa "wewe wa shimo la pili". Kilombero, kwenye miwa, alikuwa "yule Mnyakyusa mrefu". Mpanda hawakumwita chochote, walimpigia mluzi. Akashuka Sumbawanga na miaka sitini na mbili, begi moja na boksi la spana, akaweka benchi la kutengeneza baiskeli kando ya barabara pale Mazwi, akajiambia mwaka mmoja unatosha, baridi hii si ya mtu kuzeekea.

Ikawa miaka sita. Kilichomshika ni kikundi.

Kikundi chenyewe kiliitwa Tuinuane. Watu kama ishirini, wengi wa kuja kama yeye, kutoka Mbeya: makarani, wauza mitumba, fundi cherehani mmoja, na wenyeji wawili watatu. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi walikwenda kwa mtu mwenye shida. Wakikuta paa linavuja, wanaziba. Wakikuta choo kimetitia, wanachimba kingine. Wakikuta hakuna cha kuziba wala kuchimba, wanaacha sabuni na unga na blanketi, wanaimba wimbo mmoja, wanarudi. Jafeti alianza kwa kuwazibia pancha bila malipo. Mwishowe wakamfanya mshauri.

"Muulizeni mzee wetu," mwenyekiti Janeth alizoea kusema. "Mzee wetu ametembea."

Shule Jafeti aliipata vipandevipande, la pili huku, la nne kule, la tano alilikimbia. Basi aliposikia neno hilo, mzee wetu, mgongo ulinyooka wenyewe. Akanunua na kofia nyekundu ya kufuma, ili hata kwa mbali watu wajue ni yeye.

Mwezi wa tatu walikwenda Msanzi kwa Mama Cornelia, mjane wa miaka sabini na kitu, mguu wa kulia haukunjiki. Waliazima kirikuu, wakapanda nyuma na majembe na vifurushi. Walipofika, Janeth na wanawake wenzake walimchukua mama ndani, wakamkalisha kitandani, wakamfunika blanketi jipya, wakampiga picha. Kila alipotaka kunyanyuka wakamrudisha: "Tulia mama, leo ni siku yako ya kupumzika."

Wanaume wakaenda shambani nyuma ya nyumba kumsafishia.

Shamba lilikuwa limejaa vilima vidogovidogo vya udongo, kila kimoja kama chungu kikubwa kilichogeuzwa kichwa chini, nyasi zikichungulia pembeni. Vilipangana mpaka kwenye mpaka wa shamba. Wote wakasimama na majembe mabegani.

"Hivi ni vichuguu?" akauliza Anyitike, kijana wa ofisini ambaye jembe alilishika kama kalamu.

Jafeti akavizunguka viwili vitatu, akakipiga teke kimoja. Hakujua ni nini. Katika mikoa yote tisa hakuwahi kuona kitu kile, na hapo ndipo angesema tu: sijui, tumuulize mwenye shamba. Lakini macho ya watu kumi na mmoja yalikuwa juu ya ile kofia nyekundu.

"Ni magugu," akasema. "Mama wa watu ameyakusanya, mguu ukamshinda kuyachoma, mvua ikayafukia. Vunjeni. Nyasi tuzichome, udongo tuupigie matuta ya maana kama kwetu Tukuyu."

Wakavunja. Rozina, ambaye ni Mfipa na anauza vitumbua Mazwi, alitoka kuchota maji, akasimama na ndoo.

"Baba," akasema taratibu, "hizi si zile ntumba? Bibi yangu alikuwa..."

"Binti, mimi nimeshika jembe kabla mama yako hajaposwa."

Watu wakacheka. Rozina naye akacheka kidogo, akainua ndoo yake, akarudi ndani.

Baadaye kidogo Anyitike akapiga kelele kwamba ameokota maharage. Kweli, ndani ya kila kilima mlikuwa na punje ishirini, thelathini, zimevimba, zimetoa vimkia vyeupe. Jafeti akawaeleza bila kusita kwamba panya wa huku wanaweka akiba. "Msiyatupe. Okoteni yote, mama akapike." Wakajaza beseni.

Saa nane mchana, matuta yalikuwa marefu, yamenyooka kama reli, na moshi wa nyasi mbichi umetanda mpaka kwa majirani. Wakamwita mama atoke aone. Mama Cornelia akatoka na fimbo, blanketi begani. Akatazama shamba. Akatazama moto. Akatazama beseni miguuni pa Jafeti.

"Mmefanya kazi kubwa," akasema. "Mungu awalipe."

Kisha akalichukua lile beseni, akaingia jikoni, akawapikia maharage yale kwa ugali wa ulezi, mweusi, mzito, wa mwisho uliokuwa ndani. Jafeti alikula sahani mbili. "Maharage matamu haya," akasema akijilamba kidole, "na mikia yake!" Kicheko kikajaa uani. Mama naye alitabasamu, ila alikuwa anatazama mafiga.

Hiyo ni Jumamosi. Sasa, Jumatano ya wiki iliyofuata alikuja benchini mtu wa makamo, koti kubwa, matope ya barabara mpaka magotini, anasukuma baiskeli.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Cheni?"

"Cheni. Imenitupa mara tatu toka Msanzi. Nimeiimbia nyimbo zote za kanisani, imekataa kuokoka."

Jafeti akacheka, akaigeuza baiskeli matairi juu. Jina la Msanzi lilimpa utamu moyoni. Alikuwa na maneno tayari mdomoni, kwamba juzi tu nilikuwa kwenu, tumemsaidia mama mmoja. Lakini mgeni alikuwa mwepesi kuliko yeye.

"Fundi, ninyi watu wa mjini mna vituko! Mimi naitwa Eustace. Nina shemeji yangu pale, mjane wa kaka yangu, Cornelia. Mguu wake haukunjiki. Mwaka huu ameinua ntumba sabini na moja, peke yake. Anakaa kwenye kiroba, anakata nyasi za pale mkono unapofika, anazifunika udongo, anajivuta, anakata tena. Toka mwezi wa kwanza! Tukimwambia tukusaidie, anasema nanyi mna zenu. Kamaliza, kapanda maharage juu. Kabla hayajachungulia, wakaja."

"Nani?" akauliza Jafeti.

"Wahisani!" Eustace akapiga makofi. "Na kirikuu chao! Wakamfungia ndani na blanketi, wakaingia shambani, wakavunja ntumba zote sabini na moja, wakachoma na nyasi!" Alicheka mpaka akashika mti. "Wakapiga matuta. Matuta mwezi wa tatu! Ya kupanda nini, misumari?"

"Hizo ntumba..." Jafeti akalowesha midomo. "Kazi yake nini hasa?"

"Wewe si wa huku, nasikia Kiswahili chako. Ntumba ni chakula cha mwakani, fundi. Nyasi unazifukia sasa zikiwa mbichi, zinaoza humo ndani polepole. Juu unakula maharage ya kiangazi. Mvua za mwezi wa kumi na moja zikifika, unabomoa, unasambaza, unapanda ulezi. Hiyo ndiyo mbolea ya mtu asiye na ng'ombe. Ukivunja sasa, ukachoma, umechoma ulezi wa mwakani. Atalamba majivu."

"Kwa nini hakuwazuia?"

"Mtu amekuja na sabuni na unga, utamwambia umenibomolea? Kwetu mgeni hasutwi mlangoni. Na bado! Mbegu wamezifukua wenyewe, mizizi imekatika, wamezipeleka jikoni wenyewe. Angefanya nini? Akawapikia. Sasa kuna mzee wao mmoja, ndiye mtaalamu wao eti, wa kofia nyekundu, akala sahani mbili akasifu: maharage matamu, na mikia yake! Msanzi nzima saa hizi mtu akiharibu kazi anaambiwa, wewe Kofia Nyekundu."

Kofia ilikuwa pale pale, juu ya msumari, katikati ya mipira ya tairi, umbali wa mkono mmoja. Jafeti hakuigusa. Aliinamisha uso kwenye spoku kama anayetafuta iliyolegea. Aliposikia kicheko kimekatika, alijua bila kuinua macho kwamba Eustace ameiona.

Bodaboda ikapita. Ikapita nyingine.

"Cheni imekaa?" Eustace akauliza, sauti ya chini.

"Imekaa."

"Haya. Asante, mzee."

Akaondoka akiisukuma baiskeli nzima kama mtu anayetoka msibani. Hakuipanda mpaka alipofika kwenye kona.

Jafeti akafunga benchi jua likiwa bado la saa sita. Kofia akaizika chini ya spana. Aibu hakuanza kuijua siku hiyo. Mtu aliyelala mikoa tisa amefukuzwa nyumba za watu, ametukanwa mbele ya wanawake, ameangukia mitaroni na pombe. Lakini aibu zote hizo alizitibu kwa dawa moja: begi. Unakunja shuka, unafunga zipu, kesho uko mahali ambapo hakuna anayejua. Akalitoa begi chini ya kitanda, akaweka shuka. Akaweka na sweta. Kisha akakaa kitandani akilitazama, maana kila alipofumba macho aliona mwanamke anajivuta kwenye kiroba, anakata nyasi za pale mkono unapofika. Sabini na moja. Wao walitumia saa tatu, tena na mapumziko ya chai.

Jumapili kikundi kilikutana kwa Janeth, Malangali, barazani. Jafeti alikwenda kichwa wazi. Alikwenda kusema, hilo ndilo alilojiambia njiani kote.

Janeth alikuwa anazungusha simu, kila mtu aone. Picha mbili ubavu kwa ubavu: kabla, vilima na nyasi, baada, matuta yamenyooka.

"Zimesambaa jamani, hata ndugu zetu Mbeya wanatupongeza," akasema. "Na Msanzi hukohuko nimepata wajane wengine wawili, mashamba yao yana vilima vilevile. Mwezi ujao tunarudi. Mzee wetu ndiye atatuongoza, maana tulivyokuwa tumesimama pale na majembe, bila yeye tungerudi na aibu."

Makofi yakapigwa. Jafeti akakohoa.

"Barabara ile, na mvua hizi..."

"Mzee, si wewe uliyesema barabara si kitu kwa mtu aliyetembea?"

"Kirikuu kitakwama."

"Tutakisukuma," akasema Anyitike. "Mimi sasa mkulima, mzee umenitoa ushamba."

Wakacheka tena. Upande wa pili wa baraza Rozina hakucheka. Alikuwa anamtazama, kikombe kimesimama kati ya meza na mdomo. Jafeti akafungua kinywa. Neno lilikuwa pale, fupi, mtoto wa chekechea angelisema. Akaona nyuso zile ishirini, nyuso pekee duniani zilizowahi kumwita mzee wetu.

"Basi," akasema. "Tutaona."

Rozina akamfuata mpaka getini.

"Baba."

"Ulijua?"

"Siku ileile."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Ulinijibu."

Jafeti akashika geti. Rozina akatazama chini, akachora vumbi kwa kandambili.

"Lakini ningesema mara ya pili, baba. Nilinyamaza kwa sababu walicheka. Mimi Mfipa wa mjini, naogopa kuonekana wa ntumba. Na yale maharage nilijua ni mbegu. Nikala. Mama aliniangalia nikila."

Wakaachana pale, kila mtu na njia yake.

Jumatatu alfajiri Jafeti alifunga jembe kwenye fremu ya baiskeli, na begi nyuma kwenye keria. Mwenyewe hakujua kama anakwenda Msanzi au anapita Msanzi, maana barabara ileile ukiifuata inakutoa Matai na kukupeleka mpakani. Zambia hakuwahi kuishi. Alisukuma baiskeli kwenye milima, akateremka kwenye mabonde, ukungu ukimlowesha nyusi, na kila alipokutana na mtu mwenye jembe aliona anachekwa. Walikuwa wanamsalimia tu.

Mama Cornelia alikuwa amekaa mlangoni anachambua mboga. Alipomwona akataka kunyanyuka.

"Shikamoo mama. Usinyanyuke."

"Marahaba, baba. Karibu. Vuta kigoda. Umekuja na begi, unasafiri?"

"Sijui, mama."

"Ngoja niweke maji motoni, unywe uji."

"Mama, sikuja kunywa. Nimekuja..." Akatazama shamba nyuma ya nyumba. Mvua ya wiki ilikuwa imekwisha kuyalaza matuta yake yaliyonyooka. Yamekuwa matope yenye mistari. "Nimekuja kwa yale tuliyokufanyia."

"Mlifanya kazi kubwa, baba. Sabuni ile nzuri, bado ninayo."

"Tulikuvunjia ntumba."

"Mlikuja kusaidia."

"Mimi ndiye niliyesema wavunje. Sikujua ni nini, nikasema najua. Na mbegu nikala."

"Mgeni akila, nyumba ina baraka."

"Mama!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Nitukane basi!"

Mama Cornelia akaweka ungo chini. Akamtazama kwa mara ya kwanza kama mtu anavyomtazama mtu, si mwenyeji anavyomtazama mgeni.

"Unataka nikuambie umekosea ndipo upumue," akasema. "Haya. Umekosea. Siku ile nililia mpaka kuku wakaja kunitazama. Umepumua? Kapumue. Mimi ulezi wangu mwakani bado haupo."

Jafeti hakupumua. Alisimama pale mikono imening'inia, uso unawaka masikioni, na baiskeli ilikuwa hatua tatu nyuma yake, begi limefungwa vizuri.

"Nyasi zimebaki wapi?" akauliza mwishowe.

Mama akanyoosha fimbo upande wa juu, kwenye kipande kilicholala bila kulimwa. "Pale. Mbegu sina."

Akaenda. Kazi ile ukiitazama ni rahisi. Unakata bonge la udongo na nyasi zake, unaligeuza, unalipanga na wenzake duara, nyasi ndani, udongo nje. Ntumba yake ya kwanza ilibomoka. Ya pili nayo. Mama Cornelia alikuja na kiroba chake, akakitandika, akakaa, mguu umenyooka mbele.

"Nyasi ndani, baba. Umezitoa nje kama ndevu."

"Ndiyo, mama."

"Usipige kama unaua nyoka. Kata, uligeuze kama unageuza kitumbua."

Mchana Eustace alipita, akasimama mpakani, akamtazama muda mrefu.

"Fundi. Leo kofia umeiacha?"

"Nimeiacha."

"Ungekuja nayo. Jua kali." Akaenda zake, mabega yakimtetemeka kwa kicheko alichokizuia.

Jioni zilikuwa ntumba nne. Nne, na kiganja kimepasuka sehemu mbili. Mama Cornelia akaziangalia kama mtu anayeangalia meno ya mtoto.

"Mvua zikiwa na huruma zimebaki wiki tatu. Udongo ukikauka, hapageuziki tena. Hesabu mwenyewe."

"Nitakaa. Nitafanya kila siku."

"Wewe na mimi? Mimi mguu, wewe uzee. Wenzako wako wapi? Walivunja wengi, wainue wengi."

"Nikiwaita, mama, lazima niwaambie."

"Eeh."

"Hawatanichukulia tena kama zamani."

Mama Cornelia alichukua bonge la udongo, akalipachika mahali Jafeti alipoacha tundu. "Mimi ninayo aibu ya kupewa sabuni mbele ya simu," akasema. "Nimeivaa, nimelala nayo. Yako nayo utalala nayo. Haiui."

Simu ya Jafeti ilikuwa kitochi, ya kupiga na kupokea. Mtandao ulipatikana juu ya jiwe moja karibu na choo. Akasimama hapo, mama anasikia, akampigia Janeth, akamweleza yote toka ile "ni magugu" mpaka mikia. Hakuweka kitu cha kujikinga.

"Mzee," Janeth akasema, "unajua picha zile zimefika wapi?"

"Zitoe."

"Wataniuliza."

"Waambie ni mzee wenu. Waambie jina langu lote."

Kisha sauti ya Janeth ikaja ndogo, si ya mwenyekiti. "Aliniambia mara mbili anataka kutoka nje, mzee. Mara mbili. Nikamwambia tulia nikupige picha vizuri." Akakata.

Wiki ile Jafeti alilala kwa Eustace, begi likakaa ghalani kwa mama. Kila asubuhi alipita kijijini na jembe, na kila asubuhi kulikuwa na mtu wa kumwita. "Kofia Nyekundu, umeamkaje?" "Leo utakula mbegu gani?" Wanawake kisimani walijifanya kukohoa. Alijibu salamu zote, hata zile ambazo hazikuwa salamu. Kufika Ijumaa zilikuwa ishirini na tatu, kumi za mwisho zikiwa zimenyooka kidogo.

Jumamosi kirikuu kilikuja. Jafeti alihesabu vichwa kikiwa bado mbali: sita. Kati ya watu ishirini, sita. Mmoja wa wasiokuja alituma ujumbe kwamba kikundi kinachoongozwa na vipofu hakimfai. Janeth alishuka na mabuti ya mvua, simu hakuitoa. Alikwenda moja kwa moja akapiga goti mbele ya Mama Cornelia, na walichoambiana hakuna aliyekisikia, ila mama alimshika kichwa, akamsukuma kidogo, kama unavyomsukuma ndama aende kwa wenzake. Anyitike alimpita Jafeti bila kumsalimia. Akarudi hatua mbili.

"Nimewaambia ofisini kote kwamba ni panya, mzee," akasema. "Ofisini kote." Akachukua jembe.

Rozina alishuka wa mwisho na ndoo ya maharage ya mbegu aliyoyatoa kwa mama yake mzazi. Aliinama, akakata bonge la kwanza, akaligeuza kwa mkono mmoja, bila kufundishwa. Watu wa mjini wakamtazama wakiwa wamekodoa macho.

"Kumbe unajua?" akauliza Janeth.

"Najua," akasema Rozina, uso umemwiva kwa haya.

Eustace akaja na majirani watatu. Mama Cornelia akaketi katikati kwenye kiroba chake, fimbo mkononi, akawa mkuu wa kazi. "Wewe wa ofisini, ndogo hiyo, kuku atairuka. Shemeji, acha kucheka, kata. Wewe Tukuyu, nyasi ndani!" Hakuna aliyemwita Jafeti mzee wetu siku ile. Akawa Tukuyu tu.

Jua lilipoinama zilikuwa hamsini na nne zote kwa pamoja. Sabini na moja hazikufika, na mama hakusema zimetosha. Alisema, "Ulezi wa hizi ukivunwa mwakani utanilisha miezi tisa. Kutoka hapo, Mungu anajua, na ninyi mnajua." Kila mtu akatazama mikono yake.

Wakala uani. Ugali safari hii ulikuwa wa mahindi. Ulezi ulikwisha siku ile. Rozina alipakua, akamletea Jafeti sahani yake. Jafeti akamega tonge, akaliinua kuelekea kwenye maharage, mkono ukasimama hapo. Akainama. Alikuwa anayachunguza, punje moja moja, na hakujua kwamba uani kote watu wameacha kutafuna.

"Kula, baba," akasema Mama Cornelia kutoka jikoni. "Ya leo hayana mikia."

Eustace akawa wa kwanza. Kisha majirani, kisha Anyitike, kisha Janeth akificha uso kwenye khanga, wakacheka mpaka kuku wakakimbia. Jafeti naye akacheka, ila alichelewa, wenzake walikuwa wanamalizia. Akachovya. Akaweka tonge mdomoni, akatafuna polepole, na lilimchukua muda mrefu kushuka.